Sheria Kumi, Tatu za Uongo

Mimi niliingia maabara ya ngozi nikiwa na ndoo na tambara. Kazi yangu ilikuwa kupiga deki, kufuta madirisha na kunyamaza. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonishinda. Miaka thelathini na minane baadaye nilitoka pale nikiwa mkuu wa kukata vinyama vya wagonjwa, bila cheti hata kimoja, na madaktari wazima wakinipisha mlangoni. Kila nilichokijua nilikipata kwa kuchungulia juu ya bega la mtu. Bahati yangu mtaalamu wa kwanza alikuwa mfupi, ndiyo maana nilielimika haraka.

Jina la kazi ni Babu Wembe. Nilikuwa nakata kipande cha ngozi chembamba kiasi kwamba ukikitazama usoni unakiona, ukikigeuza ubavu kimetoweka. Siku moja nilipiga chafya kipande kikapotea, tukakitafuta siku saba. Tulikuja kukikuta kimenata kwenye miwani ya mkuu wa kitengo wa wakati huo, ambaye wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba kila mgonjwa anayemwona ana ugonjwa uleule. Haya ni ya kweli. Au yanapakana na kweli.

Nilikuwa nimestaafu mwaka wa pili, niko nyumbani namfuata mke wangu kila chumba nikimpa ushauri, simu ikalia.

"Babu Wembe, umechoka kupumzika?" Alikuwa Mkuu wa kitengo cha ngozi, yule mama ambaye nilimfundisha kushika wembe alipokuwa daktari mbichi.

"Mkuu, mimi sijachoka. Aliyechoka ni mke wangu."

"Basi njoo. Nina watafiti wapya watatu. Wana shahada, hawana mikono."

Utafiti wenyewe ulikuwa huu. Saratani ya ngozi ikimpata mtu mweusi hupenda kujificha pale ambapo hakuna anayepaangalia: unyayoni, chini ya kucha, katikati ya vidole. Mtu anaona doa jeusi chini ya mguu, anasema nilikanyaga mwiba, nilijigonga, litatoka lenyewe. Anapokuja hospitali doa limekuwa kidonda, na kidonda kimeshatuma wajumbe hadi kwenye mapafu. Mkuu alitaka watafiti wapya wapige picha madoa ya nyayo, wachukue kinyama kidogo kwa kila doa, tukikate, tukisome kwenye hadubini, tulinganishe. Mwishoni itoke karatasi ya kurasa mbili tu ambayo muuguzi wa zahanati yoyote ataibandika ukutani imwambie: hili liache, hili lipeleke haraka. Kazi nzuri. Mimi niliipenda kuliko kazi nyingi nilizofanya nikiwa nalipwa.

Wawili kati ya wale watatu walitumwa kwenye zahanati kufundisha wauguzi kupiga picha. Maabara nikabaki na mmoja, daktari wa kike, mwembamba, kitambaa kichwani, daftari mkononi. Siku ya kwanza aliniuliza maswali arobaini na moja, likiwemo la kwa nini saa ya ukutani imesimama. Nikamwita Swali, jina likamnasa hadi Mkuu akawa analitumia.

"Babu, na wewe nani alikupa jina la Wembe?"

"Nilijipa mwenyewe kabla hawajanipa baya."

Sasa sikilizeni namna yangu ya kufundisha, maana kila kitu kinatoka hapo. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu, siku ya kwanza nilimpa sheria kumi za maabara, nazisema kwa mdomo, naye anaandika. Halafu namwambia: saba ni za kweli, tatu ni za uongo, nenda kazitafute, Ijumaa uniletee hizo tatu pamoja na ushahidi. Mtafiti anayeamini kila anachoambiwa na mzee hafai, na anayekataa kila kitu atatuunguzia jengo. Nilijivunia sana mchezo huo. Niliubuni mwenyewe, na madaktari wengi wenye majina yao milangoni waliupitia.

Za uongo mwaka huo zilikuwa hizi. Nta ya kugandishia vinyama huyeyuka upesi ukiiimbia. Kinyama cha mtu mrefu kinataka kulowekwa muda mrefu zaidi. Rangi ya kupaka vioo ikorogwe kwa mkono wa kulia tu, ukitumia wa kushoto inachuja. Na sheria ya saba, ya kweli kama mauti, ilikuwa hii: namba ya mgonjwa kwenye kikasha iandikwe kwa penseli, kamwe usitumie wino.

Nisieleze kama nafundisha, ila mtu asipotee. Kinyama kinatoka mguuni kikiwa na ukubwa wa kichwa cha kijiti cha kiberiti. Kinaingia kwenye kichupa chenye jina la mgonjwa. Kutoka kwenye kichupa kinahamishiwa kwenye kikasha cha plastiki chenye matundu, na ubavuni mwa kikasha ndipo inapoandikwa namba. Vikasha vyote vinatiwa kikapu kimoja, kikapu kinazamishwa kwenye spiriti usiku kucha, kisha kwenye dawa nyingine kali, kisha nta. Humo ndani vikasha vinabingirika na kuchanganyika. Kinachokuambia huyu ni nani na yule ni nani ni ile namba tu.

Swali alizipata mbili za kwanza ndani ya siku mbili. Aliweka sufuria mbili za nta, moja akaiimbia, nyingine akainyamazia, saa mkononi. Mhudumu wa usafi alichungulia mlangoni akamkuta daktari mzima anaimbia sufuria, akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama tumwite mtu.

"Zimeyeyuka sawasawa, Babu. Na nimepekua vitabu, urefu wa mtu hauhusiani na kitu."

"Hongera. Imebaki moja."

"Hiyo nimeshaishuku. Nitakuletea Ijumaa."

"Nidokeze."

"Ijumaa, Babu. Acha papara kama kijana."

Nikacheka. Ningemkaba akaniambia pale pale, nisingekuwa na hadithi hii ya kusimulia, na mngekuwa mmepumzika.

Jumanne aliletwa mgonjwa wa sita. Dereva wa malori ya mbali, mtu mpana, shati limefunguliwa vifungo viwili, anacheka kabla hujamsemesha. Wenzake walimwita Masafa. Muuguzi wa zahanati aliona doa unyayoni mwake alipokwenda kutibiwa jino, akamleta kwetu karibu kwa kumburuta. Alipoiona sindano ya ganzi akakauka.

"Mzee, hiyo sindano ni ya binadamu kweli?"

"Hiyo ndogo, mwanangu. Ile kubwa ameiazima daktari wa tembo, na tembo mwenyewe amezimia."

Akacheka, mguu ukalegea, Swali akaingiza sindano. Kazi yangu kwa wagonjwa ilikuwa hiyo, kuwapumbaza kwa maneno. Lakini huyu hakukubali kupumbazwa bure, alitaka kulipa.

"Mimi, mzee, nimepita mlima mkali, mkali, mpaka wimbo kwenye redio ukawa unateleza kurudi nyuma. Nafika kileleni nausikia mwanzo wake."

"Huo ni mteremko. Kwetu kuna mlima, ukiupanda kivuli chako kinabaki chini kinakusubiri."

"Kivuli changu mimi kina leseni yake. Nikisinzia kinaendesha."

Swali alikuwa ameinama, anazungusha kale kachuma ka kukatia kinyama, kenye ncha ya mviringo, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Doa hili lina muda gani, kaka?" akauliza.

"Tangu mwanangu wa mwisho aanze kutembea. Sasa anakwenda shule."

"Linauma?"

"Doa haliumi, dada. Kinachouma ni kuulizwa."

Akafungwa bandeji, akatia mguu kwenye ndala, akanipa mkono. "Mzee, nikirudi nakuletea uongo mpya."

"Usiniletee wa mtumba."

Jumatano sikwenda kazini. Wastaafu tuliitwa kuhakikiwa, maana yake unapanga foleni kutwa nzima ili kijana dirishani akutazame usoni na kukubali kwamba bado uko hai. Mbele yangu alikuwepo bwana mmoja aliyeambiwa kwamba kwenye kompyuta ameshafariki, naye akawa anaomba radhi. Nikarudi nyumbani jioni nimechoka, lakini niko hai kwa mujibu wa serikali. Siku hiyo hiyo Swali alihamisha vinyama sita kutoka kwenye vichupa, akaviandika, akavizamisha, akaviosha vichupa kwa ajili ya wagonjwa wanaofuata. Alifanya kila kitu kwa usafi kama nilivyomfundisha.

Alhamisi asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya kikapu. Hakunisalimia. Vikasha sita vilikuwa mezani, vyeupe, visafi, kama vimetoka dukani.

"Babu, namba zimekwenda wapi?"

"Uliandika kwa kitu gani?"

Akanionyesha. Kalamu ya wino mzito, mpya, na ubavuni imeandikwa kabisa kwamba haifutiki.

"Niliijaribu," akasema. "Juzi niliandika vikasha viwili, kimoja kwa penseli, kimoja kwa hii. Nikavisugua kwa maji na sabuni. Ya penseli ilififia, hii haikutikisika. Nimeandika majibu kwenye daftari. Nikajua sheria ya saba ndiyo ya uongo. Nilikuwa nakuletea kesho."

Alijaribu kwa maji. Wino ule maji hauyaogopi, unaiogopa spiriti. Spiriti inauyeyusha kama sukari kwenye chai, wakati penseli ni mavumbi ya jiwe, spiriti haina habari nayo. Angejaribu kwa spiriti angeona. Na mimi ningemwambia kwa nini, badala ya kumwambia kwa fumbo, asingehitaji kujaribu.

"Kwa nini ulichagua hiyo ya saba?" nikamuuliza. Sijui kwa nini nilimuuliza. Nilitaka jibu lingine labda.

"Ya kukoroga kwa mkono wa kulia ilisikika kama ina siri ya kikemia. Penseli ilisikika ya chekechea. Mtu na akili zake, zama hizi, anaandika namba ya mgonjwa kwa kitu kinachofutika?" Akakaa kwenye kigoda. "Babu, nimewachanganya watu."

Kwenda kwa Mkuu tulikwenda wote wawili. Swali alikuwa ameshaandika barua ya kukiri kosa, ukurasa mmoja, mwandiko umenyooka. Mimi nikasema kabla hajaitoa.

"Mkuu, kosa ni langu. Zile sheria kumi."

Alivua miwani. "Unazo bado?"

"Ninazo."

"Babu Wembe. Mimi nilizipita hizo sheria. Mwaka wetu ulituambia tusipige mluzi karibu na hadubini, na mimi mjinga nikakaa mwezi mzima sipigi mluzi hata nyumbani. Nilidhani uliacha."

"Zinawafundisha kushuku, Mkuu."

"Zimemfundisha." Akaitazama barua ya Swali bila kuichukua. "Vikateni hivyo hivyo. Vipeni herufi. Huenda vyote ni salama, tukaishia kuona aibu tu."

Nilivikata mwenyewe. Mikono yangu ya miaka sabini na moja haikutetemeka, hilo nalisema bila kutia chumvi. Swali akapaka rangi vioo sita. Mkuu akaketi kwenye hadubini, sisi tumesimama nyuma yake kama watoto wanaosubiri ripoti ya shule. Herufi ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu, alama ya kawaida. Kwenye ya nne alikawia. Akabadilisha lenzi. Akasogeza kioo kidogo, akarudisha. Akasoma ya tano na ya sita, zote salama, akarudi tena kwenye ya nne.

"Hii ni yenyewe," akasema. "Na imeanza kushuka chini. Huyu mtu akikatwa mwezi huu, au ujao, ana nafasi nzuri. Akikaa hadi doa lichimbuke, hana." Akatugeukia. "Ni nani?"

Watu sita, nyayo sita, picha za madoa zinazofanana, vinyama vyote vya ukubwa mmoja. Kuna vipimo vya vinasaba vinavyoweza kusema hiki ni cha nani, lakini mashine hiyo hatuna, na kupeleka mbali ni miezi, tena utahitaji damu ya wote sita, na kama umewapata wote sita basi huna haja ya mashine, unachukua kinyama upya. Ndivyo tulivyoamua. Waitwe wote.

Swali alipiga simu siku tatu. Aliwaambia ukweli wote waliopokea: tumekosea, tunaomba mrudi. Wengine walimtukana kidogo, akasema ndiyo, ni haki yako. Walikuja mmoja mmoja katika wiki tatu, na kila aliyekuja alikuwa ameuosha mguu vizuri, kwa sabuni ya kunukia, kama anayekwenda kupigwa picha.

Alikuja kwanza mwalimu mstaafu mwenye fimbo, akatukemea kwa Kiswahili sanifu, akatoa unyayo. Safari hii namba kwa penseli. Majibu: salama. Tulipomwambia akasema, "Basi na nyinyi mmefaulu." Swali akatabasamu mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Akaja dobi, mama wa watoto wanne. Salama. Akamkumbatia Swali, akamwinua kabisa kutoka sakafuni.

Akaja fundi mwashi. Salama. Na ilipofika hapo nikaona kwamba Swali hafurahi tena. Alimpa fundi habari njema, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi akaweka alama kwenye daftari, akabaki anaitazama.

"Unajua tunachofanya, Babu? Kila tunayemwokoa hapa, tunamtoa kwenye duara. Wanaobaki ndani wanabanana."

"Tusubiri wengine."

"Wamebaki watatu."

Mlinzi wa benki, salama. Msusi, ambaye nilimwombea mwenyewe, sijui kwa nini, alikuwa na kucha nyekundu na hofu nyingi, salama. Alipotoka anashukuru na kulia, sisi tulikuwa tumeshika kingo za meza.

Amebaki mmoja. Hatukuhitaji kinyama chake tena kumjua. Masafa.

Masafa tulikuwa tumempigia tangu siku ya kwanza. Hapatikani. Tukapiga asubuhi, mchana, saa ya chakula, hapatikani. Dereva wa mbali ana laini za simu kama pakiti ya karata, kila mpaka anaovuka anatia nyingine. Wiki ya nne, Jumatatu saa nne asubuhi, Swali akabonyeza kwa mazoea tu, ikaita. Aliruka kama ameungua.

"Nipe mimi," nikasema. "Huyu ni rafiki yangu. Habari kama hii mtu aisikie kwa sauti anayoijua."

Alisita. Alitaka kusema kitu. Halafu akanipa, kwa heshima, kwa sababu mimi ni babu na yeye ni mjukuu.

"Mzee wa tembo!" Masafa akapiga kelele. Nyuma yake honi na injini. "Niko kwenye foleni ya mzani hapa, malori mia, nikaona hii namba nikasema ni yeye. Tembo ameamka?"

"Masafa, mwanangu. Sikiliza. Uko peke yako?"

"Niko na kivuli changu."

"Sikiliza. Kile kinyama tulichokuchukua. Kuna saratani. Ndani ya mguu wako. Inabidi urudi haraka, tukukate wakati bado ni ndogo."

Halafu kicheko kikatoka huko, kicheko cha tumbo, nikasikia anapiga usukani kwa kofi.

"Hiyo kali! Mzee, hiyo nimekubali, umenishinda. Unampigia mtu simu barabarani kumtisha! Basi na mimi nisikilize: lori langu lina mimba. Ndiyo. Fundi kalipima, anasema ni pacha, pikipiki mbili."

"Masafa, sifanyi mzaha."

"Hata mimi sifanyi! Zinapiga teke!"

"Naapa mbele ya Mungu."

"Mzee, usimwingize Mungu kwenye mambo yetu, mchezo unaharibika."

Swali akaninyang'anya simu. "Kaka, mimi ni daktari. Ndiye niliyekuchoma sindano. Anayosema ni kweli. Tafadhali, kaka, egesha gari, nisikilize."

"Dada! Na wewe amekufundisha vizuri. Sauti imetulia hata kutetemeka haitetemeki. Ngoja, ngoja, foleni inasogea, huyu wa nyuma atanipanda mgongoni. Nikirudi nawaletea zawadi!"

Ikakatika. Tukapiga, inatumika. Tukapiga, haikupokelewa. Swali akamwandikia ujumbe mrefu, wa adabu, wenye jina la hospitali, jina la Mkuu na neno saratani mara tatu. Baada ya dakika kumi likaja jibu: hahaha mwambieni mzee nimenyoosha mikono. Baada ya hapo simu haikuita tena. Alikuwa amevuka mpaka.

Mimi nimewadanganya watu maisha yangu yote na sikuwahi kumkosa msikilizaji. Siku ile nilikaa kwenye kigoda cha Swali nikitafuta namna ya kusema neno moja likaaminika, sikuiona. Hata mnaonisoma sasa, najua mnanipima, mnasema huyu mzee wa kipande kwenye miwani, tumwamini lipi. Siwezi kuwalaumu.

"Ningempigia mimi kwanza," Swali akasema. Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

"Ndiyo."

"Ulipoomba simu nilijua. Nikaona haya kukunyima."

Kwenye fomu yake kulikuwa na namba ya pili, ya mke. Tulikuwa hatujaigusa kwa sababu siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Swali akaenda kwa Mkuu kuomba ruhusa, akarudi nayo kwa maandishi. Akaweka simu mezani, akafungua sauti ili wote tusikie, akanitazama kunionya nisifungue mdomo. Hakuwa na haja.

Ilipokelewa kwa mlio wa cherehani. Mke wa Masafa alikuwa fundi nguo, anashona huku anaongea.

"Hospitali? Hospitali gani? Amepata ajali?"

"Hapana, mama, hajapata ajali." Swali akamweleza. Taratibu, hatua kwa hatua, kwanza doa, kisha kinyama, kisha kosa letu, kisha jibu. Hakuficha kitu, hata ile simu ya kicheko. Katikati ya maelezo cherehani ikasimama.

"Aliniambia ni kipimo tu," mama akasema. "Aliniambia kuna mzee mmoja huko mwongo kuliko yeye. Alirudi anacheka."

"Ndiyo, mama."

"Mguu upi?"

Swali akaiangalia fomu ingawa alikuwa anajua. "Wa kushoto. Chini ya kidole gumba, pale panaponona."

Tulisikia mtu mwingine dukani kwake anauliza bei ya zipu, hakuna anayemjibu.

"Huo ndio wa klachi," mama akasema.

Nikafumba macho.

"Huo anakanyagia kutwa nzima. Safari iliyopita alisema akiwa mlimani unamuuma, kila akibadilisha gia. Nikamwambia ni viatu. Nikamnunulia vingine, vyenye soli ngumu. Alisema ni vizuri. Alisema doa halisikii kitu."

"Anarudi lini, mama?"

"Mwezi na nusu. Miwili kama bandari imejaa. Tajiri wa gari mwenyewe hampati mpaka ashushe mzigo, yeye ndiye anayempigia tajiri akitaka. Hata mimi simpati. Ananipigia akikumbuka." Sauti yake ikapanda kidogo. "Miezi miwili ni mingi, daktari?"

Swali alikuwa na jibu la kitabuni. Akalimeza.

"Mama, tunamhitaji mapema kuliko hapo."

"Sasa nifanye nini?"

Swali akanitazama mimi. Miaka thelathini na minane watu wameingia mle ndani na kuniuliza nifanye nini, Babu, na sijawahi kukosa la kusema hata nisipojua. Nilitazama meza. Kulikuwa na vumbi la nta, nikalikusanya kwa kidole.

"Jaribu kumpata, mama," Swali akasema. "Wewe atakuamini."

"Ngojeni. Nina simu nyingine hapa ya kazini. Msikate. Namba zake zote tatu ninazo."

Tukasikia anabonyeza. Halafu ikatoka kwenye spika yetu sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu, ya upole, iliyonyooka, ikisema namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Mama akabonyeza namba ya pili. Sauti ileile, upole uleule. Akabonyeza ya tatu. Kisha akaanza upya na ile ya kwanza.

Swali alivuta kigoda kingine akaketi kando yangu. Hatukukata.